Huduma ya kwanza pale ambulensi iko mbali: watu wa kujitolea kaskazini mwa Kenya

Kozi nyingi za huduma ya kwanza hufuata mpango mmoja: mshughulikie majeruhi, piga simu, kisha umtunze mpaka ambulensi ifike. Nairobi au Mombasa mpango huo una maana, hata foleni ya magari ikichelewesha mambo. North Horr, kaunti ya Marsabit, haufiki mbali. Kutoka hapo hadi hospitali ya rufaa mjini Marsabit ni karibu kilomita 200, na sehemu kubwa ni njia ya mchanga na mawe inayopitia jangwa la Chalbi. Mvua ikinyesha, Chalbi hugeuka tope la chumvi na hata Land Cruiser hukwama humo. Kungoja ambulensi kunaweza kuwa saa nne, kunaweza kuwa usiku kucha, na mara nyingine hakuna ambulensi ya kungojwa. Katika muda huo wote, anayekaa na mgonjwa ni jirani aliyehudhuria mafunzo ya siku chache na anayefanya kazi hiyo kwa kujitolea.

Nimeandika makala haya kwa sababu watu hawa husifiwa sana siku ya maafa na kusahaulika siku zinazofuata, na kwa sababu wengi wetu hatuelewi wanafanya kazi chini ya nani, wana uwezo gani na wanakwama wapi. Mtu asipojua hayo hawezi hata kuidai kaunti yake inachopaswa kutoa.

Tuanze na ukubwa wa eneo lenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 459,785 Marsabit, kaunti yenye eneo la takriban kilomita za mraba 70,000. Hao hawafiki watu saba kwa kila kilomita ya mraba. Tena wengi ni wafugaji: Wagabra, Waborana, Warendille, Wasamburu na wengineo, na vijana wao hukaa fora, yaani kambi za mifugo za mbali, kwa wiki na miezi. Zahanati hujengwa mahali pamoja, lakini wanaoihitaji huhama wakifuata malisho. Turkana, Wajir, Mandera na pembe za Isiolo na Samburu zina hali inayofanana na hiyo.

Sasa chukua mfano ambao si kisa cha mtu fulani, ila yeyote aliyefanya kazi huko ataujua. Kijana yuko fora. Giza linaingia, anakusanya kuni, anaumwa na nyoka kwenye kifundo cha mguu. Hakuna mtandao hapo. Mwenzake anajua kilima ambacho ukipanda simu hushika, basi anakimbia. Anampigia mtu wa Msalaba Mwekundu aliye kwenye kituo cha biashara, ambaye anatafuta boda boda, anaomba mafuta kwa mkopo, kisha anampigia muuguzi wa zahanati. Muuguzi anajibu kwamba dawa ya sumu ya nyoka imeisha. Basi safari inapaswa kuelekea kwingine, mbali zaidi, na mwenye boda anasema njia ile hapiti usiku kwa sababu ya usalama.

Katika mfano huo mdogo kuna watu wasiopungua watano ambao kila mmoja yuko chini ya mpango tofauti, na hapo ndipo mkanganyiko wote unapoanzia.

Katiba ya 2010 inasema katika kifungu cha 43 kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo linaikabidhi serikali ya kaunti huduma za ambulensi. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inahesabu huduma kabla ya kufika hospitalini kuwa sehemu ya matibabu ya dharura. Kwa hiyo, kisheria, yule kijana wa fora ni jukumu la kaunti tangu anapoumwa, hata kabla hajafikishwa kwenye lango la hospitali. Watu wa kujitolea wanaliziba pengo, lakini pengo lenyewe lina mwenyewe anayepaswa kuliziba.

Msalaba Mwekundu wa Kenya ulianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965. Si idara ya serikali, ila sheria inautambua kuwa msaidizi wa serikali katika mambo ya kibinadamu. Una matawi katika kaunti, na matawi hayo husimama kwa watu wa kujitolea: wanafunzi, walimu, wenye maduka, vijana wasio na ajira. Hawana mshahara. Wakati wa operesheni kubwa hupewa posho ya chakula na usafiri. Nyakati nyingine huitikia simu kwa nguvu zao wenyewe. Shirika hilohilo lina pia kitengo cha ambulensi chenye wahudumu walioajiriwa, na kaunti kadhaa zimewahi kukodi magari yake kwa mkataba. Ndiyo maana mwananchi akiona nembo moja kwenye fulana ya kijana wa kijijini na kwenye ambulensi hudhani ni huduma moja, kisha hushangaa kwamba kijana hawezi kuliita gari lije. Namba ya bure ya dharura ya shirika hilo ni 1199, na ni vizuri kila mtu awe nayo kwenye simu, lakini kupokewa simu Nairobi hakumaanishi kwamba lipo gari karibu na Kalacha, kijiji cha Marsabit.

Kisha kuna wahudumu wa afya ya jamii. Mwaka 2023 serikali ilizindua upya mpango huo kwa kuwapa zaidi ya wahudumu 100,000 nchini mifuko ya vifaa, vikiwemo vya kupimia shinikizo la damu, sukari na joto la mwili, pamoja na sanduku la huduma ya kwanza. Posho yao ilipangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kazi yao ya msingi ni kutembelea kaya, kufuatilia wajawazito, watoto na wenye maradhi sugu. Huduma ya kwanza ni kipande kimoja tu cha kazi hiyo. Mhudumu mmoja hupangiwa takriban kaya 100. Mtaani Kayole, Nairobi, kaya 100 ni majengo machache tu, lakini huko Maikona, Marsabit, zinaweza kuwa manyata zilizotawanyika mwendo wa siku nzima, na mwezi ujao zisiwe palepale.

St John Ambulance, shirika la huduma ya kwanza, wapo Kenya tangu zama za ukoloni, na wengi wetu tuliwaona kwanza uwanjani au shuleni wakifundisha kufunga bendeji. Nguvu yao kubwa iko mijini. Amref, shirika la afya, nao wana madaktari warukao, huduma iliyoanza mwaka 1957 na ambayo makao yake ni uwanja wa ndege wa Wilson. Hao ni wataalamu walioajiriwa, na kazi yao imeokoa watu wengi sana kaskazini. Lakini ndege inahitaji mahali pa kutua, mtu wa kulipia au bima, na mwanga: viwanja vingi vya murram havina taa. Aliyeumia saa moja jioni kwa kawaida hungoja alfajiri, na usiku huo wote yuko mikononi mwa yule wa kujitolea.

Usiku huo unataka mafunzo gani? Hapa ndipo huduma ya kwanza ya kaskazini inapoachana na ile ya mjini, na ndipo ninapoona tunakosea zaidi katika namna tunavyofundisha.

Angalia kuvuja damu. Mjini unabana kidonda, unafunga, na baada ya muda mfupi kuna mtu wa kukupokea. Mguu ukiwa unatoa damu kwa kuruka na kubana hakusaidii, hufungwa kamba maalumu ya kukaza juu ya jeraha. Kamba hiyo ikikaa zaidi ya saa mbili hivi, hatari ya kuharibu misuli na neva huongezeka. Saa mbili North Horr ni kipande tu cha safari. Kwa hiyo anayefunga lazima aandike saa aliyofunga, ahakikishe kwamba kweli kubana kwa mkono kumeshindikana, na ajue kwamba uamuzi wake utamfuata majeruhi mpaka kwenye meza ya upasuaji. Hayo hayajifunzwi kwa picha ya ukutani.

Angalia mfupa uliovunjika. Nimewahi kutazama zoezi la watu wa kujitolea chini ya mgunga, na sehemu iliyonivutia ni kwamba hakuna kifaa hata kimoja kilichotoka dukani. Banzi ilikuwa fimbo ya kuchungia, pedi ilikuwa shuka iliyokunjwa, na vifungo vilikuwa leso iliyochanwa vipande. Baada ya kufunga, mkufunzi hakuwapigia makofi. Aliwaambia wabonyeze ukucha wa kidole gumba cha mguu, waachie, wahesabu kama wekundu unarudi ndani ya sekunde mbili. Kisha akawaamuru wamwinue “majeruhi” na kumpakia nyuma ya pikapu, wazunguke uwanja, washuke na kubonyeza tena. Vifungo viwili vilikuwa vimekaza na kimoja kimelegea. Hilo ndilo somo lenyewe: kwenye njia ya mawe unafunga, unakagua baada ya nusu saa, unafungua kidogo, unafunga tena, na kazi haiishi mpaka umemkabidhi mgonjwa.

Nyoka ndio jambo ambalo lingestahili siku nzima ya kozi. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Kaskazini mwa Kenya kuna moma, ambaye hulala njiani bila kukimbia. Kuna swila mwekundu anayetema sumu machoni. Na kuna nyoka mdogo wa jamii ya moma anayejikunja mchangani na kusugua magamba yake mpaka yatoe mkwaruzo. Sumu ya huyu wa mwisho huizuia damu isigande, kiasi kwamba mtu anaweza kuonekana ana nafuu jioni na asubuhi akatokwa damu kwenye fizi.

Anachotakiwa kufanya mtu wa kujitolea ni kidogo, na asichotakiwa kufanya ni kingi. Amwondoe mgonjwa karibu na nyoka na asimfukuze nyoka huyo. Amvue pete, bangili, shanga za mguuni na kiatu kabla uvimbe haujaanza, kwa sababu shanga nyingi zilizobana mguu unaovimba huleta madhara yake zenyewe. Amlaze atulie, aufunge mguu kwenye banzi kama uliovunjika, asimwache atembee. Akitapika au akizimia alazwe kwa ubavu wa kushoto. Kama sumu imeingia machoni, aoshe kwa maji mengi safi, na kama maji ni haba atumie yale ya kunywa. Asichane kidonda, asinyonye, asikaze kamba, asibandike jiwe jeusi linalodhaniwa kunyonya sumu, asipitishe umeme wa betri. Maumivu yakizidi, paracetamol inafaa kuliko aspirini au ibuprofen, kwa kuwa hizo mbili huongeza kutokwa damu. Uvimbe ukipanda, achore mstari kwa kalamu pale ulipofika na kuandika saa. Karatasi au ngozi yenye mistari mitatu na saa tatu humpa daktari habari ambayo hakuna maelezo ya mdomo yangempa.

Mbali na hayo, tiba ya kweli ya sumu ni dawa yake maalumu, na mtu wa kujitolea hana. Dawa hiyo ni ghali, baadhi ya aina zake zinataka jokofu, na mgonjwa mmoja anaweza kuhitaji chupa kadhaa. Lipo pia tatizo ambalo halisemwi vya kutosha: dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India mara nyingi haifanyi kazi ipasavyo kwa nyoka wa Afrika, na bado imewahi kununuliwa na kusambazwa barani kwetu kwa sababu bei yake ni nafuu. Mhudumu wa kijijini anaweza kufanya kila kitu sawasawa, akafikisha mgonjwa akiwa hai, na mgonjwa akafia wodini kwa kukosa chupa inayofaa. Inaniuma kuandika hivyo, lakini ndivyo mnyororo huu unavyokatika.

Kanada wamekutana na swali hilihili kwenye baridi kali badala ya joto. Sachigo Lake ni kijiji cha wenyeji asilia kaskazini mwa Ontario kinachofikiwa zaidi kwa ndege, chenye kituo cha wauguzi na kisicho na wahudumu wa ambulensi. Mwaka 2010 madaktari na wanakijiji walikaa pamoja na kutunga kozi ya siku tano kwa ajili ya mazingira yale. Hawakuchukua kitabu cha Toronto wakakipeleka jinsi kilivyo. Waliwauliza wenyeji ni dharura zipi zinawapata na ni vitu gani wanavyo mikononi. Shirika la Afya Duniani lilikuwa tayari limetoa mwongozo mwaka 2005 likieleza kwamba pale mfumo rasmi wa ambulensi haupo, hatua ya kwanza ni kuwafundisha wanajamii ambao tayari hukutana na majeruhi, mathalani madereva. Kwa kaskazini mwa Kenya ningeongeza vijana wa fora, madereva wa malori ya ng'ombe, wenye boda boda na walinda visima. Hao ndio hufika kwanza.

Mafunzo pia huchakaa. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba ustadi wa kubana kifua mtu anayehitaji kuhuishwa huanza kufifia ndani ya miezi michache tu baada ya kozi. Cheti kikiwa cha miaka miwili na mwenye cheti hajagusa mdoli wa mazoezi tangu siku ya kwanza, tumebaki na karatasi. Mazoezi ya saa mbili kila baada ya miezi mitatu yangefaa kuliko kozi kubwa ya wiki nzima inayorudi mfadhili akipatikana.

Halafu kuna gharama ya kujitolea, ambayo hulipwa kimyakimya. Mafuta ya pikipiki, salio la simu, glavu, bendeji, dawa ya kusafishia vidonda. Ajali moja ya lori linalobeba watu juu ya mifugo humaliza mfuko mzima wa vifaa. Nani anaujaza tena? Mara nyingi jibu ni “ofisi ikipata”. Nimesikia wahudumu wakieleza jinsi wanavyofua bendeji za kufungia banzi na kuzianika ili zitumike tena. Tangu barabara ya Isiolo hadi Moyale iwekwe lami, karibu kilomita 500 za kasi, ajali hizo zimepata sura mpya: magari yanagongana kwa mwendo ambao njia ya zamani ya makorongo haikuuruhusu, huku hospitali zikibaki palepale zilipokuwa.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa nje hulipita haraka. Msalaba Mwekundu hufuata kanuni saba zilizotangazwa Vienna mwaka 1965, na miongoni mwake ni kutopendelea na kutoegemea upande wowote. Kaskazini kanuni hizo hupimwa kwa damu. Julai 2005, Turbi, kaunti ya Marsabit, ilishambuliwa na zaidi ya watu 50 wakauawa, wakiwemo watoto wa shule, katika uhasama baina ya jamii za jirani. Baada ya siku kama hiyo, kijana wa jamii moja anaambiwa aende akafunge vidonda vya watu wa jamii nyingine, na mama yake anamuuliza anakwenda wapi. Timu ikiwa ya ukoo mmoja, upande wa pili hautaifungulia lango la boma. Kwa hiyo kuchagua nani afundishwe ni uamuzi wa uhai na kifo, sawa na kuchagua dawa. Vivyo hivyo kwa wanawake: Wajir, Mandera au Garissa, mama anayevuja damu baada ya kujifungua mara nyingi hatakubali kuguswa na mwanamume asiye wa nyumbani kwake, na familia yake haitakubali pia. Timu isiyo na wanawake imewaacha nusu ya wagonjwa wake kabla haijatoka ofisini.

Wahudumu wenyewe nao huumia. Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa na magaidi katika chuo kikuu cha huko, na watu wa kujitolea walishughulika na majeruhi, ndugu waliokuwa wakitafuta watu wao, na miili. Kwenye tukio kubwa namna hiyo washauri wa kisaikolojia huletwa. Kwa mhudumu aliyempoteza mtoto wa jirani nyuma ya pikapu njiani, hakuna anayekuja, na kesho yake anakutana na baba wa mtoto kisimani.

Kama ningeombwa kutaja mahali pa kuanzia kwa fedha kidogo, ningesema simu. Kaunti iwe na chumba kimoja chenye namba moja, mtu akiwa macho usiku na mchana, na orodha inayosahihishwa kila asubuhi: zahanati ipi ina dawa ya sumu ya nyoka na chupa ngapi, ipi ina muuguzi leo, ambulensi ipi ina mafuta, njia ipi imekatwa na laga, yaani mto wa msimu. Mhudumu akipiga kutoka juu ya kile kilima, aambiwe aelekee wapi kabla boda haijawashwa, kwa sababu akimpeleka mgonjwa kwenye zahanati isiyo na dawa, atalazimika kurudi njia ileile na kuanza upya kuelekea kwingine, na kila saa inayopotea humo uvimbe unaendelea kupanda.